Je, Wajua? Bweni la Massachusetts: Wanafunzi Juu, Rais wa Chuo Chini

Kila aliyesoma shule ya bweni ana kumbukumbu ya kitanda. Kanuni za fizikia zitamtoka, majina ya walimu yatamtoka, lakini hatasahau kama alilala juu au chini ya dabo deka, wala nani alikuwa akikoroma kitanda cha jirani. Hata hivyo historia za vyuo huandikwa kwa madarasa, maktaba na maabara. Bweni hutajwa mwishoni, pamoja na jiko.

Leo tunaanzia bwenini. Tunakwenda Cambridge, mji unaotenganishwa na Boston kwa Mto Charles, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Hapo Chuo Kikuu cha Harvard kina jengo la matofali mekundu liitwalo Massachusetts Hall. Lilikamilika mwaka 1720, zaidi ya miaka 50 kabla Marekani haijawa nchi huru. Wamelala humo watoto wa miaka 14, wanajeshi, na waandamanaji waliotandika mablanketi sakafuni. Ukizifuata habari zake kwa mpangilio, utaona jambo moja likijirudia: wakubwa ndio waliolijenga, lakini vijana waliolala ndani yake ndio waliolipa maana.

Je, wajua kwamba jina lake lina mlima ndani yake?

Massachusetts si neno la Kiingereza. Ni la watu wa asili walioishi pwani ile kabla ya Waingereza kufika, na maana yake ni mahali palipo karibu na kilima kikubwa. Koloni lilijitwalia jina hilo, kisha jimbo likalirithi. Bweni nalo likaitwa hivyo kwa kuwa fedha za kulijenga zilitolewa na baraza la kutunga sheria la koloni. Basi msomaji aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi wetu tunakiita Mlimani, asijione mgeni sana hapa. Hilo nalo ni bweni la mlimani.

Wenyeji wenyewe walikuwa na jengo lao katika eneo hilohilo. Mwaka 1655 Harvard ilijenga nyumba ya matofali iliyokusudiwa wanafunzi wa asili. Humo ndimo ilimokuwa mashine iliyochapa Biblia ya kwanza kuchapwa Amerika Kaskazini, mwaka 1663, nayo haikuwa ya Kiingereza bali ya lugha ya wenyeji. Kijana wa Kiwampanoag, Caleb Cheeshahteaumuck, alihitimu mwaka 1665, akawa mwenyeji wa kwanza kupata shahada hapo. Kifua kikuu kilimwua mwaka uliofuata. Nyumba ile ilibomolewa mwaka 1698. Miaka 20 baadaye ujenzi wa Massachusetts Hall ukaanza: jina la watu wa pale likapanda ukutani, ilhali nyumba yao imekwisha kung'olewa.

Je, wajua kwamba ni jengo moja tu la chuo nchini Marekani linalolizidi umri?

Harvard ilianzishwa mwaka 1636, lakini majengo yake ya mwanzo yote yametoweka, mengine kwa kuoza, mengine kwa moto, mengine kwa kubomolewa. Lililobaki kongwe kuliko yote ni bweni hili, lililojengwa kati ya 1718 na 1720. Katika Marekani nzima, jengo la chuo lililosimama tangu kabla yake ni lile la Chuo cha William na Mary kule Virginia, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1695. Ramani ya Massachusetts Hall inahesabiwa kuwa kazi ya marais wawili wa chuo waliofuatana, John Leverett na Benjamin Wadsworth. Jina la Wadsworth ulishike, tutalirudia.

Je, wajua kwamba kila mwanafunzi alikuwa na kijichumba chake cha kusomea?

Waliolipanga jengo walikuwa na hesabu iliyonyooka. Liligawanywa vyumba 32 vya kulala, na kila chumba kilichukua wanafunzi wawili. Kandokando ya vyumba hivyo palikuwa na vijichumba 64 vya kusomea, kimoja kwa kila kijana. Usiku walilala wawili pamoja, na ulipofika wakati wa kitabu kila mmoja alijifungia peke yake.

Ukumbuke umri wao. Chuo cha siku zile kilipokea watoto ambao leo wangekuwa sekondari. John Hancock alihitimu mwaka 1754 akiwa na miaka 17. John Adams, aliyeingia mwaka 1751, alikuwa na miaka 15. Wote wawili wanatajwa miongoni mwa waliokaa Massachusetts Hall, pamoja na Samuel Adams, James Otis na Elbridge Gerry. Mwaka 1776 Hancock alikuwa wa kwanza kutia saini Azimio la Uhuru, na saini yake ndiyo kubwa kuliko zote katika karatasi ile. Samuel Adams, John Adams na Gerry walitia saini pia. John Adams akaja kuwa rais wa pili wa Marekani. Kabla ya yote hayo walikuwa watoto wa bweni, wakiota moto wa kuni katika majira ya baridi.

Je, wajua kwamba bweni hili liliwahi kutumiwa kutazamia nyota?

Mwaka 1722 mfadhili wa London, Thomas Hollis, alikipa chuo vifaa vya elimu ya anga, ikiwemo darubini yenye urefu wa futi 24. Chuo hakikuwa na jengo la kazi hiyo, hivyo Massachusetts Hall ikawa pia mahali pa kutazamia nyota.

Je, wajua kwamba majina ya wanafunzi yalipangwa kwa heshima ya baba zao?

Harvard ya enzi ya ukoloni haikuandika majina kwa alfabeti wala kwa alama za mtihani. Walimu walipima hadhi ya kila familia, wakapanga darasa zima kuanzia mtoto wa mkubwa hadi mtoto wa mnyonge. Nafasi hiyo ilimfuata kijana chuoni kila alipokwenda. John Adams, mtoto wa mkulima aliyekuwa pia fundi viatu, aliwekwa wa 14 katika darasa lililokuwa na vijana wapatao 25.

Mtindo huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1770, alfabeti ikachukua nafasi yake. Miaka michache tu baadaye, yule wa 14 alikuwa Philadelphia akiitetea hoja ya uhuru mbele ya wajumbe wa makoloni. Orodha ya heshima ilikosea kumpima.

Je, wajua kwamba mgomo wa chakula si jambo la jana?

Usiku wa tarehe 24 Januari 1764 jengo la jirani, Harvard Hall, liliteketea pamoja na maktaba ya vitabu takriban 5,000. Massachusetts Hall ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye moto huo, ikanusurika. Vitabu vilivyookoka ni vile vilivyokuwa mikononi mwa walioviazima au ambavyo vilikuwa bado havijapangwa kwenye rafu. Katika vitabu vipatavyo 400 alivyoviacha John Harvard, aliyekipa chuo jina lake, kinachojulikana kuwa kilisalimika ni kimoja tu.

Jengo jipya la Harvard Hall lilikamilika mwaka 1766, na mwaka huohuo ukazuka mgomo ambao historia inaukumbuka kwa chanzo chake: siagi iliyooza. Kijana Asa Dunbar, ambaye baadaye alikuwa babu wa mwandishi Henry David Thoreau, aliinuka kulalamika juu ya siagi waliyopewa. Wakubwa walipomwadhibu, wenzake walisimama wakatoka nje kwa pamoja. Uongozi ulikuwa mkali, na mwishowe wanafunzi wakakiri makosa ili warudishwe masomoni. Yeyote aliyewahi kupindua sahani ya maharage yenye wadudu atawaelewa vijana wale. Nao wakuu wa chuo hawakujua kwamba kizazi kile kilichokuwa kikijifunza kukataa mezani kingekuja kumkataa mfalme wa Uingereza katika muda usiozidi miaka 10.

Je, wajua kwamba jengo la watu 64 lililaza wanajeshi 640?

Aprili 1775 vita vya uhuru vilianza katika miji ya jirani, Lexington na Concord. Jeshi la Waingereza likajikuta limezingirwa Boston, na wapiganaji wa makoloni wakaijaza Cambridge. Julai mwaka huo George Washington alifika kulishika jeshi hilo. Wanafunzi waliondolewa, na masomo yakahamishiwa Concord.

Massachusetts Hall ikawa kambi. Pale palipokusudiwa vijana 64 palilala askari 640, yaani kila nafasi ya mtu mmoja ilibeba watu 10. Wanafunzi wa Dar es Salaam wanaita kubebana pale mwenye kitanda anapompa nafasi mwenzake aliyekosa chumba. Basi huko kulikuwa kubebana kwa jeshi zima. Waingereza waliondoka Boston tarehe 17 Machi 1776, na chuo kilirudi nyumbani katikati ya mwaka. Bweni lilikutwa limenyofolewa: mbao nyingi za ndani hazipo, vyuma havipo, hata vishikio vya shaba vya milango vimekwenda. Baridi ya kule haina huruma, na askari asiye na kuni huutazama ubao wa ukutani kwa jicho lingine.

Mbao zile nazo ni sehemu ya gharama ya uhuru wa Marekani. Waliolala humo miaka 20 kabla waliitia saini karatasi yake, na waliolala humo mwaka ule waliulinda kwa bunduki.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi bweni hili halikuwa bweni?

Katika karne ya 19 jengo lilifumuliwa ndani na kufanywa kumbi za mihadhara na mitihani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Profesa George Pierce Baker alikuwa akifanyia humo mazoezi ya karakana yake maarufu ya tamthilia. Baada ya moto wa mwaka 1924, jengo likatengenezwa upya na vitanda vikarejea. Baker alihamia Chuo Kikuu cha Yale mwaka uliofuata, na michezo yake ikaenda naye.

Je, wajua kwamba kulala bwenini kuliwahi kuwa suala la rangi ya ngozi?

Kabla tu vitanda havijarudi Massachusetts Hall, Harvard ilikuwa imeingia katika fedheha kubwa juu ya mabweni mengine yake. Tangu 1914 chuo kilikuwa na mabweni mapya ya mwaka wa kwanza karibu na mto, na mwanafunzi mpya alitakiwa kuishi humo ili vijana wa matajiri na wa maskini wafahamiane. Wazo lilikuwa jema. Lakini Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, aliwafungia mlango wanafunzi Weusi.

Mwaka 1922 Roscoe Conkling Bruce, mhitimu wa Harvard wa mwaka 1902 aliyefaulu kwa heshima kubwa, aliomba nafasi ya bweni kwa ajili ya mwanawe. Lowell alikataa. Babu wa kijana huyo, Blanche K. Bruce, alizaliwa mtumwa Virginia akapanda hadi kuwa seneta wa Mississippi kuanzia 1875 hadi 1881. Mjukuu wa seneta na mwana wa mhitimu alinyimwa kitanda kwa rangi yake. Barua zikachapishwa magazetini, wahitimu wakapaza sauti, na mwaka 1923 baraza la wasimamizi likaamua kwamba asizuiwe mtu kwa sababu ya rangi. Hata hivyo azimio hilohilo liliongeza kwamba wazungu na Weusi wasilazimishwe kuishi pamoja. Mlango ulifunguliwa nusu.

Ninaposoma habari hii huwa najiuliza kwa nini walioogopa usawa hawakuogopa sana darasa. Darasani watu hutazama ubao. Bwenini hutazamana wao kwa wao, wakagawana sabuni, wakauguzana malaria au mafua, na baada ya hapo ni vigumu kumdharau mtu. Lowell alilijua hilo, ndiyo maana zuio lake lilikaa penye kitanda.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulala juu ya ofisi ya Rais wa chuo?

Mwaka 1939, wakati wa James Bryant Conant, ofisi ya Rais wa Harvard ilihamia Massachusetts Hall. Polepole viongozi wengine wa juu wakaichukua sehemu kubwa ya jengo. Ghorofa ya juu kabisa, ile iliyo chini ya paa, ikabaki mabweni ya wanafunzi wachache wa mwaka wa kwanza.

Ni majirani wa ajabu. Chini kuna anayesimamia chuo chenye utajiri kuliko vyote duniani. Juu kuna kijana wa miaka 18 anayetafuta soksi. Na kwa kuwa Rais yuko humo, mwenye dai lake naye huja humohumo.

Je, wajua kwamba Angola ilipiganiwa pia katika jengo hili?

Aprili 1972 kundi la wanafunzi Weusi liliingia Massachusetts Hall na kukaa humo takriban wiki moja. Dai lao lilihusu Afrika. Harvard ilimiliki hisa za mamilioni ya dola katika kampuni ya mafuta ya Gulf, na Gulf ilikuwa ikichimba mafuta Cabinda, Angola, iliyokuwa chini ya Wareno. Malipo ya mafuta yaliingia katika hazina ya Ureno, na Ureno ilikuwa vitani dhidi ya wapigania uhuru. Wanafunzi walisema fedha za chuo chao zinasaidia kununua risasi, wakataka hisa ziuzwe.

Wakati huo Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963. Chama cha MPLA cha Angola kilikuwa na ofisi mjini humo, na FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa humo mwaka 1962. Basi vita vilevile vilivyojadiliwa katika ofisi za Dar vilifika hadi mlangoni pa Rais wa Harvard, Derek Bok. Hisa hazikuuzwa, na wanafunzi walitoka. Lakini Angola ilipata uhuru wake tarehe 11 Novemba 1975, na hoja ya kwamba chuo kiulize fedha zake zinafanya kazi gani ilibaki. Iliibuka tena katika miaka ya kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Ilirudi Aprili 2015, wanafunzi walipoizingira Massachusetts Hall wakitaka chuo kiache kuwekeza katika mafuta na makaa ya mawe. Mwaka 2021 Harvard ilitangaza kwamba inaachana na uwekezaji huo.

Mwaka huohuo wa 1972 lilitokea badiliko jingine, kimya zaidi: wasichana wa mwaka wa kwanza walihamia katika mabweni ya uwanja wa zamani wa Harvard, baada ya zaidi ya miaka 300 ya wavulana peke yao.

Je, wajua kwamba wanafunzi walilala humo siku 21 kwa ajili ya wafagizi?

Tarehe 18 Aprili 2001 wanafunzi wapatao 50 waliingia Massachusetts Hall, wakakaa. Hawakudai ada ipungue wala chakula kiwe bora. Walidai watu wanaosafisha vyoo vyao, wanaowapikia na wanaowalinda walipwe ujira unaotosha kuishi, walau dola 10.25 kwa saa, kiwango ambacho halmashauri ya mji wa Cambridge ilikuwa imewawekea wafanyakazi wake. Utajiri wa chuo wakati huo ulizidi dola bilioni 18.

Nje, uwanja ulijaa mahema ya waliowaunga mkono. Wafanyakazi wenyewe wakaja, na vyama vyao vikaja. Wanafunzi walitoka tarehe 8 Mei, siku ya 21, baada ya chuo kukubali kuunda kamati ya kuangalia mishahara. Mwaka uliofuata mikataba mipya iliongeza malipo ya wafagizi. Katika historia yote ya jengo hili, usingizi wa sakafuni wa majuma yale matatu ndio ninaouheshimu zaidi. Vijana wale walikuwa na vitanda vyao. Waliviacha kwa ajili ya watu ambao wangeweza kuhitimu bila hata kuyajua majina yao.

Je, wajua Titus, Venus, Juba na Bilhah ni akina nani?

Sasa turudi kwa Benjamin Wadsworth. Rais huyu anayetajwa katika ramani ya bweni letu alijengewa nyumba ya kuishi mwaka 1726, hatua chache kutoka Massachusetts Hall. Inaitwa Wadsworth House hadi leo, na Washington aliitumia kwa muda alipofika mwaka 1775. Ndani ya nyumba hiyo waliishi pia watu waliomilikiwa. Titus na Venus walikuwa watumwa wa Wadsworth. Juba na Bilhah walikuwa watumwa wa Edward Holyoke, Rais aliyemfuata, ambaye enzi zake John Adams na John Hancock walikuwa wanafunzi.

Aprili 2016 bamba la mawe lenye majina hayo manne liliwekwa kwenye ukuta wa nyumba ile. Lilizinduliwa na Rais wa chuo wa wakati huo, Drew Faust, pamoja na John Lewis, mbunge aliyepigwa na polisi Alabama ujanani mwake akidai haki ya kupiga kura. Mwaka 2022 ripoti ya chuo ilieleza kwamba viongozi, walimu na watumishi wa Harvard walikuwa wamewamiliki watu zaidi ya 70, hadi utumwa ulipokwisha Massachusetts mwaka 1783. Chuo kikatenga dola milioni 100 kwa kazi ya kurekebisha urithi huo.

Wakati John Adams akiandikwa wa 14 kwa hadhi ya baba yake, walikuwapo watu uwanjani pale ambao hawakuandikwa nafasi yoyote, ya mwanzo wala ya mwisho. Leo anayetoka Massachusetts Hall anaweza kutembea hadi ukuta ule kwa muda mfupi, akasimama, akawasoma: Titus, Venus, Juba, Bilhah. Hakuna aliyeandikwa hapo kwa jina la baba yake.